Mshenga

Mama, usinicheke.
Mwaka wa sita huu najifunza kubisha hodi.

Mikono yako ilitunga tumbaku tangu ukiwa na miaka saba,
jani kwa jani, sindano ndefu, uzi wa katani,
alfajiri kabla umande haujakauka,
na utomvu mweusi ukaganda vidoleni
hata sabuni ikakata tamaa.
Sasa kila Februari, theluji ikifunga njia ya Borino,
viganja vinapasuka kama ganda la mkate uliosahauliwa tanurini.
Unapaka mafuta ya nguruwe. Unasema, "Yanatosha."
Hayatoshi. Yanakaa juu, yanang'aa, yanachafua shuka.

Nyuma ya nyumba, kwenye mwamba usioonja jua,
linaota lile ua dogo la zambarau.
Babu alilibana ndani ya daftari la madeni,
akalisahau miaka miwili, likawa kavu kama majani ya chai.
Wewe ukaliweka kwenye kisahani cha maji,
na kesho yake adhuhuri lilikuwa limejikunjua, kijani,
kama mtu aliyesinzia tu kanisani.
Chuo hakikuniita, mama. Kisahani kiliniita.

Nimeuliza jani lile linaficha nini.
Linaficha molekuli nzito, yenye sukari begani,
inayopenda maji na kuchukia mafuta.
Hapo ndipo pagumu:
ngozi ni ukuta wa matofali yaliyokufa,
na saruji yake ni mafuta matupu.
Mposaji mzuri, kweli, lakini nani atamfungulia
asiyejua hata salamu ya nyumba?

Nikamtafutia mshenga.

Peptidi: shanga kumi na moja za asidi amino
nilizotunga moja moja
(ona, nami natunga),
mkia wa kusema na mafuta, kichwa cha kusema na maji.
Zimwage majini, zinaitana zenyewe,
zinajikunja kuwa vijifuko
vidogo hivi kwamba vipange elfu moja mstari
ndipo vijaze upana wa unywele wako mmoja mweupe.
Ndani ya kila kijifuko, mposaji amekaa kimya.

Usidhani ilikuwa harusi siku hiyo hiyo.
Kundi la kwanza liliganda kama maziwa yaliyochacha.
La nne lilipasuka njiani.
La tisa lilipitiliza, likatokea upande wa pili wa ngozi,
mshenga mlevi aliyeipita nyumba ya posa.
Kila Jumamosi nilinunua sikio la nguruwe kwa mchinjaji Penko
kwa ajili ya majaribio; alidhani ninampikia mchumba supu.
Na pale mwambani sikung'oa jani, sheria inalilinda.
Kipande kama ukucha kimezaa ndugu mia nne
kwenye chupa, chini ya taa, hapa Plovdiv.

Wakaja mabwana kutoka Sofia, viatu vyao havijui matope.
Wanataka kopo la dhahabu na neno "ujana".
Profesa Ganeva aliwatilia kahawa.
Mimi niliangalia dirishani. Sikuwatajia mikono yako.

Nilikuletea chupa isiyo na lebo.
Ukanusa. "Haina harufu. Dawa gani hii?"
Ukakubali mkono wa kushoto tu;
wa kulia ukabaki na mafuta yako, kwa usalama.

Wiki ya tatu ukapiga simu.
Hukusema umepona, hujawahi kusema hivyo maishani.
Ulisema umeshona kifungo cha koti la Metodi
na uzi wa hariri haukunasa kwenye kidole.

Kisha ukauliza huyo mshenga hulipwa nini.
Halipwi, mama. Akishafikisha mgeni
anafumuka shanga shanga, na ngozi inamla.

Ukanyamaza. Nikasikia kuni zikitatarika jikoni kwako.
"Lete kingine," ukasema. "Cha mkono wa kulia."